Tumbawe Kubwa Katika Tangi la Samaki

Msomaji, ukitoka likizo Mombasa kurudi West Indies hapa Eldoret, usibebe tumbawe hai. Si jiwe lile. Limejengwa na vinyama vidogo mno. Lataka maji ya chumvi, gramu 35 hivi kwa lita, joto la digrii 25 mchana na usiku, na taa kali. Kwa baridi yetu ya Julai na umeme unaopotea ovyo, litakufa na uvundo ujae sebuleni. Tena joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani yetu. Yaliyobaki yaache.

Je, nyumbani mna la zamani, lililokufa kitambo? Hilo sawa. Liloweke siku kadhaa ukibadilisha maji, lisugue, lianike. Tangini litangulie kabla ya changarawe, chini yake kipande cha plastiki. Ukiliweka juu ya changarawe, samaki wachimbaji wataliangusha na kioo kipasuke (watoto nao hulaumiwa bure!). Acha nafasi ya kupitisha mkono wa kusafishia kioo. Chokaa yake huyafanya maji kuwa magumu. Samaki wa dhahabu huvumilia, lakini wale wadogo wa neoni huteseka.