Gandhi na Nguo ya Kuazima

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Wapo wanaomkosoa Mohandas Gandhi kwa methali hiyo, wakidai kuwa siasa yake aliiazima Ulaya. Ni kweli kwamba mwaka 1904, akiwa Afrika Kusini, alisoma kitabu cha Mwingereza John Ruskin kikayabadili maisha yake. Na mwaka 1909 alianza kuandikiana barua na Leo Tolstoy wa Urusi.

Hata hivyo, tuitazame lugha. Gandhi hakuridhika na istilahi ya Kiingereza yenye maana ya upinzani baridi, kwani ilidokeza unyonge. Gazeti la Indian Opinion, alilolianzisha mwaka 1903, likawaomba wasomaji jina jipya; ndipo likapatikana neno ‘satyagraha’, yaani kuushikilia ukweli kwa uthabiti. Hind Swaraj, kitabu chake cha mwaka 1909, alikiandika kwa Kigujarati. Humo ‘swaraj’ si kumwondoa Mwingereza tu, bali pia mtu kuitawala nafsi yake.

Nguo hiyo, basi, ilishonwa upya. Walimu wenzangu, tusiwakataze wanafunzi kuazima fikra. Tuwafunze kuzipima, kisha kuzitaja kwa lugha yao wenyewe.