Maskini ndiye anayenunua ghali

Wadau, hapa Lushoto mwenye pesa hununua gunia, maskini hununua kibaba, na ukipiga hesabu ya kilo, maskini ndiye anayelipa zaidi. Si ujinga, kipato chake ni cha siku. Tuseme rejareja inamzidishia shilingi 100 kwa kilo ya mchele. Nyumba inayokula kilo 30 kwa mwezi inapoteza 36,000 kwa mwaka. Hapo bado sukari na mafuta ya kupima!

Mama zetu wanacheza upatu miaka yote. Kwa nini tusicheze upatu wa gunia? Nyumba tano zichange, mmoja ateremke Mombo kwenye mpunga, mgawane kwa mizani. Karoti na kabichi msirundike, zitaoza. Ila mshika fedha awe mwaminifu. Mnasemaje?