Mla nyama wa Tendaguru aonekane Lindi

Kwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Dodoma

Mheshimiwa Waziri,

Akitajwa mjusi wa Tendaguru, mkoani Lindi, Watanzania wengi humfikiria yule mwenye shingo ndefu, Giraffatitan, aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Huyo alikula majani. Wala nyama walioishi zama zake hawatajwi.

Mmoja wao ni Veterupristisaurus. Kilichobaki kwake ni pingili chache za mkia, zilizochimbuliwa na msafara wa Wajerumani kati ya 1909 na 1913, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Zilikaa Berlin karibu karne nzima, mpaka mwaka 2011 mwanasayansi Oliver Rauhut alipozipa jina. Kwa kusoma umbo la pingili hizo tu, alitambua ukoo wa dinosaria wenye meno kama ya papa, na huyu wa Lindi, wa miaka kama milioni 150 iliyopita, akawa mkongwe kuliko wote wa ukoo huo waliokuwa wakijulikana. Urefu wake umekadiriwa mita 8 hadi 10. Tendaguru pia ilitoa jino kubwa ajabu la mla nyama, ambalo Janensch alilieleza mwaka 1920.

Mifupa ya Tendaguru haikujichimbua. Mamia ya vibarua, Wamwera wakiwamo, waliitoa ardhini miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, wakaibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Ilizidi tani 200. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wanasayansi walimpa heshima kwa kumwita dinosaria mwingine wa hapo Australodocus bohetii.

Mjadala wa kumrudisha mjusi mkubwa umeshafika hadi Bungeni, na una uzito wake. Lakini pingili za mkia na jino hazihitaji kusubiri mjadala huo: nakala zake za plasta zinaweza kusafirishwa kwa urahisi.

Barua hii inaomba Wizara, pamoja na Makumbusho ya Taifa, iziombe nakala hizo Berlin na kuziweka Lindi mjini, mahali ambapo wanafunzi wataingia bure, zikiwa na maelezo ya Kiswahili na jina la Boheti bin Amrani mbele kabisa. Maombi hayo, Mheshimiwa, yaandikwe mwaka huu.