Usimwambie mtoto "ni sabuni tu"

Jumapili jioni nilikuwa nimekaa pale Mama Ngina, naangalia bahari, mkononi mhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu. Kando yangu muuzaji alikuwa akipuliza viputo vya sabuni. Mtoto wa kama miaka mitano akakikimbiza kimoja, kikapasuka, akamuuliza mamake: "Mama, wametia rangi gani humu?"

"Ni sabuni tu. Twende zetu."

Simlaumu mama. Mimi niliyefika hadi chuo kabla ya kuachia njiani pia nilinyamaza. Kidato cha tatu tulifundishwa mawimbi. Nikakariri, nikapita, nikasahau.

Usiku nikaingia kwenye simu kutafuta. Kumbe ndani ya kiputo hamna rangi yoyote! Mwanga wa jua ndio uliobeba rangi zote. Ukigonga kiputo, sehemu yake hurudishwa na uso wa nje wa ile ngozi ya sabuni, sehemu nyingine na uso wa ndani. Mawimbi hayo mawili yakikutana, kuna rangi zinazoongezeana nguvu na kuna zinazofutana. Unachokiona ni zile zilizosalia.

Zipi zitasalia? Inategemea unene wa ngozi, ambao mara nyingi ni nanomita mia kadhaa. Unywele wako mmoja ni makumi ya maelfu. Ndiyo maana rangi hazitulii: maji yanateremka, ngozi inakonda juu. Ikikonda kupita kiasi, hapo juu panakuwa peusi, na muda si mrefu, pwaa!

Mwingereza Thomas Young alieleza jambo hili mwaka 1801. Zaidi ya miaka 200 baadaye, sisi bado tunajibu "ni sabuni tu". Na si sabuni pekee. Mvua ikinyesha, pita Ndia Kuu uangalie dimbwi lililodondokewa na mafuta ya tuktuk. Rangi zilezile, sababu ileile.

Wasee, maswali ya watoto tunayazima mapema mno, halafu tunashangaa wakichukia sayansi shuleni. Hujui jibu? Sema hujui, kisha mtafute pamoja. Bando unayo.

Nilipoacha chuo nilidhani sayansi nayo imeniacha. Yule mtoto hata shule hajaanza vizuri, na swali lake lilikuwa zito kuliko lolote nililowahi kumuuliza mwalimu wangu wa fizikia.