Kahawa au Sukari?

Bila shaka umepata kuisikia, msomaji, kauli ambayo watu huitoa wakitaka kuyakata mazungumzo: kwamba kila mtu ana uhuru wa kupenda akipendacho. Uhuru huo siupingi. Nipingalo ni kuutaja mahali ambapo mtu hakuchagua kitu.

Nenda asubuhi katika kibanda chochote cha Kariobangi, penye mzunguko wa barabara au kule kwenye viwanda vidogo vya mafundi, ukaagize kikombe. Chai imekwisha kuchemshwa pamoja na maziwa na sukari katika sufuria moja. Ukitaka kahawa, aghalabu utapewa maji ya moto na kijipakiti ambacho ndani yake kahawa, maziwa ya unga na sukari vimekwisha kuchanganywa. Kigeuze usome viungo vyake. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Na mara nyingi kitanguliacho ni sukari. Basi yule asemaye, "Mimi napenda kahawa tamu," amechagua nini? Amekipenda alichopewa, na kahawa yenyewe hajapata kuionja.

Wala sijitoi katika lawama hii. Nilipokuwa nikisomea ualimu nilitia vijiko vinne vilivyojaa pomoni, na nikimcheka mwenzangu wa Lamu aliyekunywa yake tupu. Hesabu niliifanya baadaye sana. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua gramu 4 hivi za sukari, na kila gramu ina kalori 4, yaani kipimo cha nguvu ambayo mwili huitumia, au huigeuza mafuta ukaiweka akiba. Kikombe cha kahawa isiyotiwa kitu kina kalori 2 au 3 tu. Vijiko vinne, hata visipofurika, huongeza 64. Vikombe vitatu kwa siku ni gramu 48 za sukari. Ilhali mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya namna hii iwe chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu tuzipatazo katika chakula, na ikiwezekana ishuke chini ya nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Na vile vinywaji baridi vya kahawa viuzwavyo katika mikahawa ya mjini, vyenye krimu juu yake, kimoja kikubwa huweza kupita kalori 300!

Atasema mtu kwamba fundi afuaye masanduku ya bati tangu alfajiri anazihitaji nguvu hizo. Kweli, na simlaumu. Sukari ni nguvu ya bei nafuu, na mwili wake utaimaliza kabla ya adhuhuri. Lakini wewe unakaa dawatini. Liniumalo zaidi ni mwanafunzi afikaye darasani na kikombe kitamu tumboni kilichoshika mahali pa chakula. Sukari ina nguvu tu. Protini haina, vitamini haina, madini hayana mahali ndani yake. Ikifika saa nne kichwa kiko juu ya dawati, na mwalimu anamwita mvivu. Nilipata kumwita mmoja hivyo, na hata leo naona haya.

Ulimi hufunzwa. Mombasa na Lamu kahawa tungu hunywewa kwa vikombe vidogo, na utamu huliwa kando: kipande cha halua, au tende mbili tatu. Wanywaji hao hawakuzaliwa na ndimi nyingine.

Wamisionari waliipanda kahawa Bura, katika nchi ya Wataita, mwaka 1893. Kisha kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wasiilime, mpaka wachache wa Kisii na Meru waliporuhusiwa katika miaka ya 1930. Leo tunailima wenyewe, na sehemu kubwa sana huuzwa nchi za ng'ambo, ambako huisifu kwa ukali wake na ladha yake ikumbushayo matunda. Sisi tumebaki na kijipakiti.

Punguza kijiko kimoja wiki hii, na kimoja wiki ijayo, mpaka ukifikie kikombe kitupu. Ukikionja kwa siku kadhaa usikipende, nitakubali kwamba hupendi kahawa. Hapo utakuwa umechagua, nami sitakuwa na neno.