Hesabu Haina Mkubwa

Siku moja nilikuwa nikifundisha hesabu hapa Kasapa. Nikaandika ubaoni namba tasa, yaani zile zisizogawanyika kamili ila kwa 1 na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, na kuendelea. Miongoni mwao nikatia 91. Mtoto mmoja wa nyuma akasimama, akasema kwa adabu, "Samahani, mwalimu, 7 mara 13 ni 91." Darasa zima likanyamaza. Niliona haya, na ulimi wangu ulitaka kumwamuru aketi. Lakini kweli ilikuwa upande wake. Nikaifuta.

Tangu siku ile nafundisha kwanza njia ya kupima. Kwa 91, yatosha kujaribu 2, 3, 5 na 7. Hakuna haja ya kupita 10, kwa maana 10 mara 10 ni 100, nayo imekwisha kuizidi 91.

Wakubwa kuliko mimi wamekosea pia. Padre Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, alisifiwa kwa elimu katika Ulaya. Mwaka 1644 alitoa orodha ya namba kubwa alizozitaja kuwa tasa. Moja hupatikana hivi: andika 2 mara 67, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, ingawa hakuvipata vigawanyo vyake. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole akavionyesha: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Mersenne hakudharauliwa kwa kosa hilo. Namba za namna hiyo zaitwa kwa jina lake hata leo. Tena namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024, kubwa kupita zote zilizojulikana hata siku ile, ni ya ukoo huohuo: 2 zilizo 136,279,841 zikizidishwa pamoja, kisha ukatoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Nayo haikutangazwa mpaka ilipopimwa tena kwa mashine nyingine.

Nasi Wakongo tuna letu la kupima. Mwaka 1950, huko Ishango kando ya Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wa kale wenye mikato. Safu yake moja ina mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19, ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Moyo wataka kusema kwamba wazee wetu walizijua. Huenda ni kweli, lakini wataalamu hawajapatana juu ya maana yake. Kupenda jambo si kulithibitisha.

Basi, wazazi na walimu, mtoto akitusahihisha kwa adabu, tusimkemee. Tumpe chaki, aonyeshe hesabu yake.