Bibi harusi si mchafu, apimwe

Leo nina neno na wauza dawa, na makungwi wetu pia.

Nashona magauni ya harusi hapa Bukoba, wateja wengine wanatoka Muleba. Siku ya kujaribu gauni bibi harusi husema mengi. Anawashwa ukeni, anatokwa na ute mzito kama mtindi. Kameza dawa ya fangasi mara tatu, ugonjwa umerudi. Kungwi anamwambia ajioshe kwa sabuni na ajifukize zaidi. Mawifi wananong'ona kwamba hakutulia. Jamani! Fangasi hawa wanaishi mwilini mwa wanawake wengi bila shida yoyote, hata bikira huweza kuwashwa. Sabuni na manukato huko ndani yanazidisha tu.

Ninachokipinga hasa ni dawa moja kwa kila mtu. Fangasi si mmoja. Candida albicans ndiye anayeonekana zaidi, na flukonazoli kwa kawaida humweza. Candida krusei haimwezi, ndivyo alivyoumbwa. Candida glabrata naye ni mgumu. Sasa mwenye krusei ukimpa kidonge cha nne na cha tano, atapona lini? Na mwingine wala si fangasi, ni bakteria.

Kumjua si uchawi. Ute kidogo kwenye kijiti cha pamba, unaoteshwa maabara. Kipo chakula maalumu cha kuoteshea: baada ya siku mbili hivi albicans anatoka kijani, tropicalis buluu, krusei waridi. Ng'ambo ya ziwa hapo Mwanza, watafiti wa Bugando waliwapima wajawazito wenye dalili, wakachapisha matokeo 2019. Albicans aliongoza, lakini hakuwa peke yake.

Sisi tunalipia ukumbi, keki ya ghorofa tatu, udi wa bei mbaya, halafu maabara ndiyo ghali! Mama wa bibi harusi, lipia kipimo kwanza. Na haya isiwe kisingizio, wanawake wa Kiansari walimwuliza Mtume (s.a.w.) mambo ya hedhi.

Ugonjwa ukirudi, usipokee dawa dirishani. Mwambie daktari achukue sampuli, na uombe jina kamili la fangasi liandikwe. Maabara ya karibu kama haioteshi, uliza sampuli inapelekwa wapi. Kapime na sukari, maana nayo huwarudisha. Ukiwa mjamzito, usimeze flukonazoli bila daktari.